Panneksini ni Mlango, si Daraja

Asanteni. Mlio nyuma sogeeni, viti vya mbele haviumi.

Nianzie pale ninapoanzia kila mara, na wanafunzi wangu mnisamehe, wimbo huu mmeshaukariri. Nikiuliza ATP, ile molekuli ndogo iliyomo kwenye kila seli, ni nini, ukumbi mzima unaitikia: nishati! Haya. Ndani ya seli ni nishati. Na nje ya seli je? Kimya. Mwaka 1972 Geoffrey Burnstock aliandika kwamba zipo neva zinazotumia ATP kupelekeana habari, na wenzake wengi wakambeza. Nani atatupa mkaa wake nje ya jiko? Akakaa na kejeli hizo hadi miaka ya 1990, vipokezi vya ATP vilipoanza kutambuliwa kimoja baada ya kingine kwenye utando wa seli. Sasa kila mtu anasema alijua tangu zamani.

Hesabu yenyewe si ngumu. Ndani ya seli ATP inapimwa kwa milimola, nje kwa nanomola. Tofauti inakaribia mara milioni. Ikichuruzika kidogo tu, majirani wanajua. Kwa hiyo ATP iliyo nje ni yowe. Usiku ukisikia yowe mtaani huulizi bei ya pumzi iliyotumika kulipiga. Unavaa kandambili unatoka.

Inatokea wapi? Njia ziko kadhaa, ila leo nimekuja kwa ajili ya moja: panneksini, protini zenye tundu zilizokaa kwenye utando wa seli, hasa ya kwanza, panneksini 1, kwa kifupi PANX1. Aliyeziita hivyo ni Yuri Panchin na wenzake wa Moscow, mwaka 2000, na jina lina maana ya kiungo kilichopo kila mahali. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Kwa kuwa zinafanana na protini zinazounganisha seli za wadudu na minyoo, watu wakadhani nazo ni madaraja, seli na seli. Bado nasahihisha mitihani yenye daraja hilo! Panneksini 1 imebeba minyororo ya sukari upande wa nje, kama ukuta uliopandwa vipande vya chupa. Utaunganisha vipi kuta mbili za namna hiyo? Ni mlango wa kutokea nje, basi. Na vipande vyake ni saba, si sita kama tulivyochora miaka yote. Picha za hadubini ya elektroni za mwaka 2020 zimetuumbua.

Sasa nisikilizeni hapa. Bibi yangu alikuwa na kibuyu cha togwa, mdomoni kakiziba kwa gunzi la muhindi. Panneksini 1 nayo ina gunzi: mkia wake wenyewe, ulio upande wa ndani, ndio unaozuia tundu. Seli inapoamua kufa kwa utaratibu, vimeng'enya viitwavyo kaspasi, ya 3 na ya 7, vinaukata ule mkia. Mlango unaachia, ATP inatoka, na seli walaji zinafuata harufu hadi pale ilipo maiti. Jambo hili lilionyeshwa mwaka 2010 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani. Hebu lifikirieni jinsi lilivyo. Mtaani mtu akifa, wengine ndio wanaofunga turubai na kupanga viti. Seli inafunga turubai lake mwenyewe, na utando bado mzima! Mabilioni ya seli zako zinakufa kila siku na huoni hata jipu, kwa sababu wazikaji wanafika mapema. Wasipofika, maiti inapasuka, uchafu unamwagika, na hapo ndipo uvimbe unapoanza.

Najua kuna mtu anataka kuniuliza: Profesa, kama ni mlango mwema hivyo, mbona inatajwa kwenye kifafa, kiharusi, maumivu ya neva? Ndugu yangu, yowe ni jema mwizi akiwapo. Likipigwa kila usiku bila mwizi, mtaa mzima hauna usingizi. Chukueni kipandauso. Mwaka 2013 watafiti wa Ankara walionyesha kwa panya kwamba lile wimbi la umeme linalopita polepole juu ya ubongo hufungua panneksini 1 za neva. Ukitoka hapo unafuata mlolongo wa uvimbe unaofika kwenye ngozi zinazofunika ubongo, zenye neva za maumivu. Hakuna kilichokufa, lakini turubai limeshafungwa.

"Basi tuuzibe!" Dawa za kuuziba zipo kabatini siku nyingi. Probenesidi ilianza kama dawa ya kuzuia figo zisikojoe penisilini, enzi ambazo penisilini ilikuwa adimu hadi ikivunwa kwenye mkojo wa wagonjwa. Baadaye ikawa dawa ya jongo, na mwaka 2008 ikagundulika kuwa inaziba panneksini 1. Meflokwini pia, ile ya malaria ambayo watalii wengi waliokuja kwetu waliimeza mara moja kwa wiki. Lakini hizi ni rungu, si sindano. Probenesidi inagusa milango mingine kwenye figo, kwa hiyo msitoke hapa mkaenda duka la dawa kununua tiba ya kichwa. Na aliyenitumia jana tangazo la unga wa "kufungua milango ya seli", nitamjibu akishaniambia ni mlango gani.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka basi. Shinikizo la damu: misuli ya mishipa midogo hutumia mlango huu kujikaza. Mayai ya uzazi: mwaka 2019 watafiti wa China walieleza familia nne ambamo hitilafu ya jeni ya PANX1 iliufanya mlango uvuje, mayai yakanyauka na kufa, mengine kabla ya kurutubishwa, mengine baada. Wanawake waliohangaika miaka bila mtoto, na kosa liko kwenye mlango mdogo kiasi hicho. Nilitaka nikae hapa nusu saa nzima. Panneksini 3 inahusika na mifupa na gegedu. Ya pili naiacha, si kwa dharau. Mama mwenye kilemba cha bluu, uliinua mkono tangu habari za kibuyu. Uliza, kabla hawajazima kipaza sauti.