Dambulla: Mapango Juu, Malori Chini

REHEMA: Karibuni tena wasikilizaji. Leo tuko Sri Lanka, Dambulla, kwenye hekalu la Kibudha lililo ndani ya mapango. Kassim, tuanzie mlimani?

KASSIM: Hapana dada, tuanzie mjini. Dambulla ni njia panda: ukitoka Kandy kwenda Jaffna unapita hapo, na wa Trincomalee naye anapita hapo hapo. Ndiyo maana pana soko la jumla la mboga na matunda. Malori ya kabichi na karoti kutoka milimani, magunia ya vitunguu, wapagazi wanakupigia kelele uwapishe. Halafu inua macho: mwamba huo hapo!

REHEMA: Na chini yake Budha mkubwa wa dhahabu, kando ya barabara.

KASSIM: Huyo ni wa juzijuzi tu. Watu wanapiga picha pale, wanaondoka wakidhani wameshaona hekalu.

REHEMA: Kwa kweli mimi hakunigusa hata kidogo.

KASSIM: Mapango yenyewe yako juu. Mwamba umeinuka kama meta 160 kutoka tambarare, ngazi ni za mawe, jua linachoma, na kima wanakukagua mkononi. Ukishika ndizi, hiyo si yako tena.

REHEMA: Ukifika unakuta baraza nyeupe yenye matao. Ni nzuri, lakini ilijengwa mwaka 1938. Mimi nilichokipenda kiko juu ya hiyo baraza. Kwenye paji la mwamba wamechonga ukingo mrefu. Mvua ikiteremka na jiwe, ikifika kwenye ule ukingo inadondokea nje badala ya kufuata mwamba hadi ndani.

KASSIM: Bila huo ukingo tusingekuwa na michoro ya kuzungumzia.

REHEMA: Na chini ya ukingo, kwenye pango la kwanza, kuna maandishi ya Kibrahmi, yaani herufi za kale za India. Watawa waliishi humo kabla ya Kristo. Halafu ndiyo habari za mfalme Valagamba: wavamizi kutoka India ya kusini walimfukuza Anuradhapura, mji mkuu wake, akajificha mapangoni. Baada ya miaka 14 hivi alirudi kwenye kiti chake, na inasimuliwa kwamba akayageuza mapango kuwa hekalu, kwa shukrani.

KASSIM: Sasa hapo ndipo nina ugomvi na waongoza watalii. Wanakuonyesha dari wanasema, "Rangi hii ina miaka elfu mbili." Hekalu ndilo lina umri huo. Michoro mingi tunayoiona leo ni ya karne ya 18, enzi za wafalme wa Kandy.

REHEMA: Kwa hiyo thamani inapungua?

KASSIM: Inaongezeka! Maana yake pale hapajawahi kuachwa. Mwishoni mwa karne ya 12 mfalme Nissanka Malla alipaka sanamu dhahabu. Karne ya 18 mfalme wa Kandy, Kirti Sri Rajasinha, akafungua pango la tatu, michoro ikapakwa upya. Kila zama na mkono wake. UNESCO walipoliorodhesha hekalu kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1991 walitaja sanamu 157 na michoro ya meta za mraba 2,100, na bado watu wanaingia na maua kusali.

REHEMA: Niseme kidogo kuhusu dari la pango la pili, lile lenye upana unaozidi meta 50. Hawakulisawazisha. Rangi inafuata mabonde na matuta ya jiwe, hadi unaona kama umesimama ndani ya hema la kitambaa cha maua. Na katikati ya yote hayo, maji yanadondoka kutoka darini, tone kwa tone, ndani ya chombo. Wenyeji wanasema hayakauki hata wakati wa ukame, na wanayatumia kwenye ibada.

KASSIM: Pango la kwanza nalo, usilipite haraka. Budha amelala, urefu wa meta 14 hivi, amechongwa kwenye mwamba ule ule. Chumba ni chembamba, huwezi kumwona mzima kwa mara moja. Anza miguuni: nyayo zimepakwa rangi nyekundu, zina nakshi.

REHEMA: Adabu sasa. Mabega na magoti yafunikwe, kofia ivuliwe. Na picha ile ya kumpa Budha mgongo ukijipiga mwenyewe, acha kabisa. Kwao ni dharau.

KASSIM: Viatu unaviacha nje, kuna watu wa kuvitunza kwa hela kidogo. Sasa, ua lote ni mwamba mtupu. Saa saba mchana lile jiwe ni kikaango, nimeona watu wazima wakirukaruka.

REHEMA: Ndiyo maana mimi nasema nendeni asubuhi.

KASSIM: Au vaeni soksi. Soksi zinaruhusiwa.