Pimbi wa Saanane

MAGE: Mwangaluka, wasikilizaji. Leo tuna mambo matano ya kuzingatia unapokwenda kupumzika Saanane, kile kisiwa cha hapa Mwanza. Nimeyaandika kabisa, maana Jumamosi nilimpeleka baba.

SHIJA: Mzee alikubali kupanda boti?

MAGE: Alikubali. Pale Capri Point alisimama kwanza, akanishika bega, akaangalia maji weee, kisha akaingia. Mara ya mwisho alikwenda na wanafunzi wake, enzi zile ni bustani ya wanyama, ile iliyofunguliwa 1964. Tunashuka tu, ananiuliza bustani iko wapi. Nikamwambia, baba, tangu 2013 hapa ni Hifadhi ya Taifa.

SHIJA: Na yule Mzee Saanane mwenyewe, mvuvi aliyekuwa akiishi pale kabla ya hayo yote, alimkumbuka?

MAGE: Jina tu. Basi tukapanda taratibu mpaka kwenye mawe ya juu, tukakaa. Ziwa limetulia. Pembeni yetu kuna mjusi, kichwa na mabega mekundu, chini buluu, anapiga pushapu juu ya jiwe. Mara baba ananiambia, "Vua saa, inang'aa." Nikavua. Kumbe ameona pimbi.

SHIJA: Pimbi! Sisi tumekua nao kwenye mawe ya nyuma ya nyumba, Mage.

MAGE: Lakini umewahi kukaa ukamwangalia? Alitoka mama na watoto wawili, mmoja kampanda mgongoni. Wakalala kifudifudi juani, maana miili yao haishiki joto vizuri, asubuhi lazima waote jua. Mmoja mkubwa kabaki juu ya jiwe, analinda. Baba akaninong'oneza, "Huyo ni ndugu wa tembo."

SHIJA: Hapana. Hapo mzee kakutania.

MAGE: Hajanitania. Mwulize mtaalamu yeyote wa wanyama. Tembo, nguva na pimbi ni ukoo mmoja.

SHIJA: Yaani huyu mwenye ukubwa wa sungura? Mtaani ukimwita mtu pimbi unatafuta ugomvi, leo unaniambia ni ndugu wa tembo?

MAGE: Angalia meno yake ya mbele ya juu, yanaendelea kuota kama pembe za tembo. Na mimba yake ni miezi saba hivi! Sungura anazaa ndani ya mwezi mmoja.

SHIJA: Miezi saba? Hiyo sikuijua. Bibi yangu alikuwa akisema pimbi ana gundi miguuni, ndiyo maana hatelezi.

MAGE: Bibi alikuwa karibu na ukweli. Nyayo zake ni laini na zinatoa jasho, kwa hiyo zinashika jiwe. Na zile alama nyeupe kwenye mawe unazijua?

SHIJA: Mkojo wao. Hiyo nayo bibi alitufundisha. Wanakojoa sehemu moja miaka na miaka. Sasa huyo ndugu wa tembo mlikaa naye muda gani?

MAGE: Dakika kumi, labda. Halafu likaja kundi la vijana na spika. Muziki ukafunguliwa mpaka mwisho. Yule pimbi mlinzi akapiga kelele moja, kali, na jiwe likabaki tupu. Baba akaendelea kuliangalia lile jiwe. Tulisubiri saa nzima, Shija. Hawakurudi.

SHIJA: Pole. Mpe pole na mzee. Lakini wale vijana mimi siwalaumu.

MAGE: Huwalaumu?

SHIJA: Kijana anaishi Mabatini, chumba kimoja watu wanne. Kachanga nauli ya boti na kiingilio, amekwenda kufurahi na wenzake. Ukimwambia anyamaze kama yuko msibani, harudi. Na asiporudi, kesho hifadhi hiyo itatetewa na nani?

MAGE: Muziki upo Kirumba, upo Nyakato, upo kwenye kila daladala. Kisiwa chenyewe, pamoja na maji yake, ni kilomita za mraba 2.18. Sauti ikifunguliwa pale, mnyama hana pa kwenda.

SHIJA: Kwenye kisiwa hicho watu waliishi, Mage. Walilima, waliitana, walipiga ngoma. Kimya hicho kimekuja juzi.

MAGE: Waliishi, ndiyo, lakini hawakuwa na spika. Baba yangu ana miaka sabini na sita. Hana Jumamosi nyingi za kusubiri pimbi.

SHIJA: Namheshimu sana mzee. Ila na kijana naye anahesabu Jumamosi zake, anafanya kazi siku sita. Sibadilishi.

MAGE: Na mimi sibadilishi. Spika ibaki Capri Point, uichukue ukirudi.

SHIJA: Hapo hatukubaliani, tuseme ukweli.

MAGE: Hatukubaliani. Na... mh, fundi ananionyesha dakika moja. Mambo matano hatujagusa hata moja!

SHIJA: Taja moja basi.

MAGE: Nenda na kofia, mawe yale yanachoma kuanzia saa tano. La pili, boti ya...

SHIJA: Subiri. Huyo mama wa pimbi, mtoto wake wa pili alikuwa wapi?

MAGE: Chini ya tumbo, ananyonya. Baba ndiye aliyemwona.

SHIJA: Jumamosi ijayo nakuja na nyie. Tunakwenda saa ngapi?

MAGE: Boti ya kwanza. Na spika ubaki nayo ny—