Kabla Hujajaza Midomo: Niliyoyasema Mwanga, Kigoma

Bwana asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam aleikum. Na wale ambao hawajaitikia popote, habari za mchana.

Mlionialika mlinipa mada ya "Madhara ya urembo wa kisasa". Nimeikataa. Mtu wa afya akipewa mada hiyo anakuja na uso wa msiba, anawasema wanawake saa nzima, wanapiga makofi, wakitoka hapo wanapitia saluni. Bibi zetu walichanja chale. Wamakonde walitoboa mdomo wa juu wakavaa ndonya, na aliyekuwa hana ndiye aliyeonekana hajakamilika. Sikuja kumsema mtu. Nimekuja kuzungumza habari ya mshipa mmoja wa damu na dakika 90. Mama uliye karibu na mlango, angalia saa yako, utuwekee hesabu tangu sasa.

Binti mmoja aliingia chumba changu cha kuonea wagonjwa, hana ugonjwa wowote, akaweka simu mezani. "Nataka hivi." Pichani midomo imejaa, mashavu yamenyanyuka, kidevu kimechongoka. Nikauliza huyu ni msanii gani. Akacheka kwa aibu: "Ni mimi, nimeweka filta." Filta na fila, ile jeli ya kuchomwa usoni, wanangu, zimepishana herufi moja. Anayeanza na ya kwanza leo hachelewi kuitafuta ya pili.

Na simu yenyewe inasema uongo hata bila filta. Mwaka 2018 madaktari wa Marekani walipiga hesabu wakaona kuwa picha ya kujipiga, simu ikiwa umbali wa sentimita 30 hivi kutoka usoni, inaipanua pua kwa karibu asilimia 30 ukilinganisha na picha iliyopigwa kutoka mita moja na nusu. Kwa hiyo kuna watu wanakwenda kutibiwa pua ambayo haipo popote isipokuwa kwenye kioo cha simu. (Naona mnashika pua zenu. Ziacheni, ni nzuri.)

Sasa fila ni kitu gani? Siyo krimu, siyo mkorogo, na siyo ile sindano ya kulegeza misuli ya paji la uso, maana watu wanazichanganya. Fila ni jeli ya kujazia. Inayotumika zaidi imetengenezwa kwa asidi ya haialuroniki, na kitu hicho unacho mwilini tayari: kwenye ngozi, kwenye maungio, ndani ya jicho. Kazi yake ni kushika maji. Mwaka 1934 watafiti wawili wa New York, Karl Meyer na John Palmer, waliitoa kwenye ute wa jicho la ng'ombe, wakaipa jina linalotokana na neno la Kigiriki la kioo. Bomba moja kwa kawaida lina mililita 1. Chukua kijiko cha chai, kigawe mara tano, fungu moja ndiyo hiyo. Kwenye midomo hukaa miezi sita mpaka mwaka, kisha mwili unaila.

Kabla ya hapo wazungu walijaza vitu vya ajabu. Mwishoni mwa karne ya 19 walichoma nta ya parafini, sawa na ya mshumaa. Gladys Deacon, mrembo aliyekuja kuolewa na mwinyi mkubwa wa Uingereza, Duke wa Marlborough, aliwekewa parafini puani ili pua inyooke. Parafini ikateremka mpaka kidevuni. Baadaye ikaja silikoni ya maji, nayo ikaacha vinundu visivyotoka. Mwaka 1981 Marekani waliidhinisha kolajeni ya ng'ombe, ambayo ilibidi kwanza upimwe mzio mkononi. Jeli ya haialuroniki ikaidhinishwa huko Desemba 2003, na soko likafunguka kweli: hakuna kisu, hakuna kulazwa, unaingia saa sita na saa saba unarudi kazini. Usipoipenda, kuna dawa ya kuiyeyusha. Shikeni hilo la dawa ya kuyeyusha, nitalirudia.

Kuna jambo jingine nataka kulisema hapa Kigoma, kwa sababu tunajifanya fila ni upuuzi wa wadada wa Dar. Mnakumbuka ARV zilipoanza kutolewa bure, mwaka 2004? Dawa za mwanzo nyingi zilikuwa na stavudini. Ziliwatoa watu kaburini, lazima tushukuru. Lakini stavudini ilikuwa inakula mafuta ya mashavu. Mtu anapata nguvu, anarudi shambani, uso unabonyea pande zote mbili kama embe lililonyauka. Mtaani hawakuhitaji majibu ya maabara. Uso ulikuwa cheti. Nilikuwa na mama mmoja wa Ujiji, muuza mawese, alivuta mtandio mpaka puani, jua la saa nane, miaka mitatu. Kipimo chake kilikuwa kizuri kuliko cha wagonjwa wangu wote. Aliwahi kuniuliza kama kuna dawa ya kurudisha mashavu. Mwaka huohuo wa 2004 Marekani walikuwa wameidhinisha fila ya aina nyingine mahsusi kwa watu kama yeye. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likashauri stavudini iondolewe polepole. Huku kwetu mimi nilimpa maneno tu. Kwa hiyo mtu akiniambia kujaza shavu ni kiburi, namkumbuka yule mama na mtandio wake.

Haya, mshipa. Nimekuja na mpira wa dripu, ule mwembamba wa watoto, na ndani nimeweka juisi ya rozela. Mnaona inavyotembea nikiinua chupa? Ndivyo damu inavyokwenda. Na hii ni jeli ya nywele, dada wa saluni kaniazima. Naivuta kwenye sindano. Nachoma mpira pembeni, nasukuma kidogo, kidogo sana, kama punje ya mchele. Basi. Nainua chupa: haiendi. Nabana kwa vidole: haiendi. Upitisheni mkono kwa mkono, kila mtu ajaribu kuusukuma.

Wakati mnajaribu nieleze. Mshipa unaopanda kutoka taya, ukapita kona ya mdomo na pembeni ya pua, huko juu umeungana na mishipa inayotoka ndani ya jicho. Mtu akisukuma jeli kwa nguvu ndani ya mshipa puani au katikati ya nyusi, jeli inaweza kurudi nyuma, kinyume cha damu, ikafika unapotoka mshipa wa jicho. Akiachia sindano, damu inaibeba mbele na kuziba jicho. Mtu anaona giza akiwa bado amekaa kwenye kiti. Hutokea mara chache. Lakini ikitokea, wanaofundisha kazi hii wanataja dakika 90 kuwa mpaka wa matumaini, na hata ukiwahi, kuona kurudi ni nadra.

Mdomo na ngozi vinakupa muda zaidi. Nilimwona msichana aliyechomewa kwenye chumba cha nyumba ya wageni na mtu aliyeshuka na kibegi Jumamosi akaondoka Jumapili. Alikuja Jumatatu. Mdomo wa juu, upande mmoja, ulikuwa na rangi ya majivu, na kuelekea puani ngozi ilikuwa na michoro ya zambarau, tundu kwa tundu, kama wavu wa dagaa uliotandazwa. Aliambiwa ni uvimbe wa kawaida, aweke barafu. Barafu! Mshipa umeziba, wewe unaubana zaidi. Kinachotakiwa ni kitambaa cha uvuguvugu na dawa. Kwenye ngozi zetu weupe wa mahali damu isipofika hauonekani upesi, kwa hiyo geuza mdomo utazame ndani, bonyeza kwa kidole, achia, hesabu. Rangi irudi ndani ya sekunde mbili au tatu. Isiporudi, hiyo ni dharura.

Aliniuliza kachomwa nini. Mimi ndiye nilitakiwa kumuuliza yeye. Hakuwa na kisanduku, hakuwa na stika, namba ya simu haipokelewi. Na hiyo ndiyo shida, kwa sababu dawa ya kuyeyusha, hialuronidesi, inayeyusha haialuroniki peke yake. Kama ni silikoni au ile ya kalisiamu, umwagie ndoo nzima haitasaidia. Ameponea, ana kovu dogo analipaka rangi ya mdomo. Wengine ngozi hujenga kovu la kuvimba, na kwetu weusi hilo si geni.

Sasa sisi tunaitwa mwisho wa reli, na tunajivunia. Kutoka hapa mpaka Dar kwa reli ni kama kilomita 1,250. Kama dawa ya kuyeyusha iko Dar, piga hesabu hiyo kwa dakika 90. Ndiyo maana swali la kwanza kwa anayetaka kukuchoma lisiwe bei. Mwambie: nionyeshe hiyo dawa ya kuyeyusha. Siyo "ipo ofisini", siyo "nitaagiza". Iwe mezani, uione tarehe yake. Kisha leseni yake ya tiba, kwa sababu Marekani jeli hii wameiweka kundi la vifaa tiba, kwenye daraja la hatari zaidi, siyo kundi la vipodozi. Kisha kisanduku kifunguliwe mbele yako, stika uondoke nayo. Na mwenye kile kikalamu cha kupulizia jeli bila sindano, wanachouza mtandaoni, mfukuze. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo juu yake Oktoba 2021.

Dada wa saluni pale nyuma ananyoosha mkono. Sema, mwanangu.

Anauliza: mteja akimlazimisha, amekwishatuma hela, afanyeje? Mrudishie hela. Mpake wanja, mtengenezee midomo kwa penseli, wewe ni fundi, mimi nimeona kazi yako. Sindano si yako.

Mwingine? Subiri kwanza. Mpira umefika wapi?

Kwa kina baba. Umezibuka?

Haujazibuka. Mama wa saa, tumetumia muda gani?

Dakika 41. Endeleeni kuusukuma, mimi napokea swali linalofuata.