Umeme Tunaoutaka Amu

Assalamu alaykum wazee wetu, mama zetu na vijana.

Huwezi kuzungumzia umeme hapa Amu, yaani Lamu, ukaipita Kwasasi. Pale ndipo ulipokuwa ujengwe mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira iliifuta leseni yake, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Waliouliza majivu yatamwagwa wapi, na samaki watakuwaje maji ya moto yakirudi baharini, waliuliza maswali ya haki. Nawapa heko.

Sasa tuseme tunachokitaka. Vyanzo nchi hii inavyo. Mvua zilipokosekana mwaka 2000, mabwawa yalipungua tukagawiwa umeme kwa zamu. Leo mvuke wa chini ya ardhi wa Olkaria, kule Naivasha, usiojua kiangazi, ndio unaotoa umeme mwingi kuliko chanzo kingine chochote. Kuna upepo wa Turkana, megawati 310, na jirani zetu wa Langobaya, Malindi, wana mtambo wa jua wa megawati 40. Ila mtambo bila waya haumfai mtu: ule wa Turkana ulikamilika 2017 ukakaa zaidi ya mwaka ukingoja njia ya kusafirishia umeme.

Nasi huku mwisho wa waya ndio tunaoumia. Mwangalieni mchuuzi wa samaki. Akifika diko, pale vyombo vya wavuvi vinaposhusha samaki, alfajiri, kabla ya bei anauliza barafu. Kama umeme ulikatika usiku, barafu hakuna. Ikifika saa nne, matamvua ya changu yaliyokuwa mekundu yameshapauka, na tajiri anayepeleka mzigo Mombasa anataja bei aitakayo yeye. Mvuvi aliyekesha baharini hana la kujibu. Hili linaniuma sana.

Watu husema jua halifai kwa sababu usiku halipo, na betri ni ghali. Kwa taa, kweli. Lakini barafu yenyewe ni akiba! Jua la mchana liigandishe, iwekwe kwenye chumba chenye kuta nene zisizopitisha joto, alfajiri itumike. Hapo betri kubwa ya nini?

Basi kaunti ikiitisha kikao cha bajeti, vikundi vya wavuvi viende na ombi lililoandikwa: mtambo wa barafu wa jua katika kila diko kubwa, kuanzia Amu, Faza na Kizingitini. Hati ya umiliki iwe kwa jina la kikundi, na vijana wawili wa hapo hapo wafundishwe kuutengeneza. Mama wachuuzi nao wawe mezani siku ya kupanga bei ya barafu.