Oili ya Difu: Soma Mkebe Kabla ya Kumimina

Mafundi wenzangu na madereva, hamjambo. Asanteni kwa kufunga kazi mapema jioni hii hapa Kisumu. Nimekuja na krauni hii moja, ile gia kubwa ya ndani ya difu, boksi la gia kwenye ekseli linalozigawia tairi nguvu. Mpokezane, kila mtu apitishe kidole kwenye meno yake.

Mnaona yalivyolika upande mmoja hadi ncha zikawa kali? Hii ilitoka kwenye pikapu yangu. Ilianza kulia nikipanda Timboroa, sauti nyembamba inayobadilika kila nikiachia mafuta. Fundi aliyeihudumia aliweka oili mpya na safi, lakini ilikuwa ya daraja la GL-4, ya giaboksi, badala ya GL-5 inayotakiwa na difu hii.

Pinioni, gia ndogo inayozungusha krauni, katika difu kama hii haikutani na krauni katikati, imeshushwa kidogo. Kwa hiyo meno hayabingiriani tu, yanaburuzana pia, na yamebanwa kwelikweli. Oili yoyote ikibanwa hivyo hukamuka, chuma kikagusa chuma. GL-5 imetiwa dawa nyingi zaidi za salfa na fosforasi. Joto la msuguano likipanda, dawa hizo hujenga ngozi nyembamba juu ya jino, na ngozi hiyo ndiyo inayoliwa badala ya chuma. Hiyo ndiyo kazi niliyoikosa.

Lakini msitoke hapa mkamimine GL-5 kila mahali. Giaboksi nyingi za kubadilisha gia kwa mkono zina ringi za shaba njano, na baadhi ya GL-5 huzidhuru. Fuateni kitabu cha gari.

Sasa namba za unene kwenye mkebe. Katika 80W-90, ile yenye W ni ya baridi, 90 ni unene oili ikiwa moto. Hainenepi maradufu kuliko 40 ya injini. Vipimo ni tofauti, na hizo mbili hukaribiana. Wengi wetu tunapenda 140 kwa sababu inanyamazisha difu. Inanyamazisha kweli, ila jino linaendelea kuliwa kimyakimya, na asubuhi ya baridi kule juu oili nzito huchelewa kufika kwenye beringi ya pinioni. Mimi sipendi dawa ya aina hiyo. Ni kumficha mgonjwa.

Difu zenye klachi za kuzuia tairi kuteleza hutaka oili yenye alama ya LS.

Nyinyi wa Ahero na Nyando, mafuriko mnayajua. Difu iliyopata moto ikitumbukia majini, hewa ya ndani husinyaa na kufyonza maji kupitia tundu la kupumulia au sili iliyochoka. Ukikuta oili imekuwa kama chai ya maziwa, imwage siku hiyohiyo, hata kama ni ya juzi.

Haya, twendeni nje, gari limeshainuliwa. Tunaanza na plagi ya juu, ya kujazia. Ikigoma kufunguka, angalau oili ya zamani bado imo ndani na mwenye gari anaweza kuliendesha hadi nyumbani.