Niko kona ya Lenox na 125: nawasimulia Gil Scott-Heron

Habari zenu watu wangu wa nyumbani. Wakubwa zangu wa Tanga, shikamooni. Leo niko Harlem, New York, ndiyo kwanza nimeshuka kwenye treni. Hebu tazameni kile kibao pale juu: barabara moja, majina mawili, Lenox Avenue na Malcolm X Boulevard. Hapa inapokatana na mtaa wa 125 ndipo palipoipa jina albamu ya kwanza ya Gil Scott-Heron, mwaka 1970. Kijana wa miaka 21, anaghani mashairi huku ngoma zinalia nyuma yake.

Huku wamehangaika sana kumpa jina. Mshairi huyu, au mwanamuziki? Wengine wakamwita baba wa rapu, jina ambalo mwenyewe hakulitaka. Mimi nimelelewa na babu ambaye shairi halisomi, analiimba, hata likiwa limeandikwa gazetini. Kwa hiyo nilipomsikia Gil mara ya kwanza nilimwelewa hapo hapo.

Baba yake alikuwa Mjamaika, mcheza mpira, aliyechezea Celtic ya Scotland. Lakini aliyemlea ni bibi yake, Lillie Scott, kule Jackson, Tennessee. Jirani yao palikuwa na nyumba ya kuandalia mazishi iliyokuwa inafungwa. Bibi akanunua piano yao kuukuu, mjukuu ajifunze nyimbo za kanisani. Jamani, piano ya msibani! Vidole vilivyoanzia pale ndivyo vilivyokuja kupiga muziki na Brian Jackson, waliyekutana chuoni Lincoln, Pennsylvania, chuo alichosoma pia Kwame Nkrumah. Mwaka 1975 wakatoa "Johannesburg", wimbo unaouliza kama kuna habari zozote kutoka kule. Mwaka mmoja kabla ya damu ya watoto wa Soweto, kitongoji cha Johannesburg, kumwagika.

Na hili wengi hawalijui. Mwaka 1980 Stevie Wonder alifanya ziara ya kudai siku ya kuzaliwa ya Martin Luther King iwe sikukuu ya taifa. Bob Marley alikuwa aungane naye, ugonjwa ukamzuia, Gil akashika nafasi hiyo. Januari 1981 walikuwa pamoja Washington, mbele ya umati. Sheria ikasainiwa 1983. Kila Januari, sikukuu hiyo ikinipa mapumziko ya kazi, namkumbuka Gil.

Baadaye kokeini ilimtesa, akaingia jela na kutoka. Inaniuma kulisema, maana ndiye aliyeimba kuwaonya wenzake juu ya ulevi.

Albamu yake ya mwisho ilitoka 2010, mwaka mmoja kabla hajafariki. Isikilizeni usiku, taa mmezima. Inafunguka kwa sauti yake iliyokwaruza, haimbi, anazungumza tu, anakataa kuambiwa kwamba ametoka kwenye familia iliyovunjika. Anamtaja Lillie Scott. Na inapofungwa, anarudi kwa wanawake wale wale waliomlea.