Sindano 154 za Madalena Santos Reinbolt

Mwenyekiti wa kikao, walimu wangu, wanafunzi na wageni wetu, nawashukuru kwa kuitikia mwaliko huu. Leo nitamzungumzia Madalena Santos Reinbolt, mwanamke Mweusi wa Brazil aliyeishi kwa kazi ya upishi katika nyumba za watu, na ambaye picha zake za kutarizi kwa sufi, yaani nyuzi za manyoya ya kondoo, zinastahili kuwekwa katikati ya historia ya sanaa ya nchi yake, wala si pembezoni.

Madalena alizaliwa mwaka 1919 huko Vitória da Conquista, katika jimbo la Bahia, miaka 31 tu baada ya utumwa kufutwa kisheria nchini Brazil tarehe 13 Mei 1888. Wazee waliozaliwa utumwani walikuwa bado hai. Alikulia shambani, katika jamaa iliyojua kufinyanga, kufuma na kutarizi, kisha akaondoka akiwa kijana kutafuta kazi mijini, kama walivyofanya wanawake Weusi wengi wa kizazi chake, hadi akafika Petrópolis, milimani juu ya Rio de Janeiro. Huko, mwanzoni mwa miaka ya 1950, alikuwa mpishi katika nyumba ya Samambaia, walipoishi mwenye nyumba, Mbrazil Lota de Macedo Soares, na mshairi wa Kimarekani Elizabeth Bishop. Ni katika miaka hiyo alipoanza kuchora kwa rangi.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 aliiacha rangi, akashika sindano. Naomba tukae kidogo hapa, kwa sababu namna yake ya kufanya kazi ndiyo inayonishangaza zaidi. Alitandaza kitambaa cha gunia, akaandaa sindano 154, kila moja ikiwa imekwisha kutungwa uzi wa rangi yake, ili asilazimike kusimama kila alipotaka kubadili rangi. Aliiendea sindano aliyoihitaji kama mchoraji anavyoiendea rangi kwenye kibao chake. Mishono yake mirefu na mifupi hukimbilia kila upande na kulijaza gunia. Ukisogea karibu, mbingu uliyodhani ni ya buluu unaikuta ina buluu za namna nyingi zinazopishana. Kazi hizo aliziita picha za sufi, na mimi nalifuata jina alilolichagua mwenyewe.

Katika picha hizo tunawaona watu wa shamba: wanaofanya kazi, wanaokusanyika kwa sherehe, wanaosimama kati ya miti na mifugo, na wengi wao ni Weusi. Tumezoea kuutafuta utambulisho wa Wabrazil wenye asili ya Afrika katika candomblé, dini yao yenye mizizi ya Afrika, katika capoeira, mchezo wao wa mapigano na ngoma, na katika mavazi ya wanawake wa Salvador, mji mkuu wa Bahia, na ni haki kufanya hivyo, kwa kuwa hizo ni hazina zilizolindwa kwa mateso makubwa. Lakini Madalena anatuonyesha upande mwingine usiopungua uzito, yaani kumbukumbu ya maisha ya kila siku ya Weusi wa bara ya Brazil, mbali na pwani, iliyoshikwa na mtu aliyeyaishi. Mwanamke ambaye mchana alikuwa jikoni kwa ajili ya wengine aliwapa watu wake mbingu nzima, ardhi na karamu, na katika ulimwengu huo wao ndio wenye nafasi.

Hata hivyo, kazi yake iliwekwa katika fungu la sanaa «ya kishamba», isiyo na elimu. Mlinganishe na Genaro de Carvalho, mzaliwa wa Salvador aliyesomea Paris na kufariki mwaka 1971: tapestri zake, yaani mazulia ya ukutani yenye picha, zilipokewa tangu miaka ya 1950 kama sanaa ya kisasa. Siipunguzii thamani kazi ya Genaro, ambayo ni nzuri sana. Nasema tu kwamba wote wawili walitumia uzi na wote walitoka Bahia, na kilichowatenganisha machoni pa wakosoaji ni rangi ya ngozi, jinsia, shule na mlango ambao kila mmoja aliingilia nyumba za matajiri.

Madalena alifariki mwaka 1977. Jumba la Makumbusho ya Sanaa la São Paulo lilimwandalia onyesho lake mwenyewe mwaka 2022, miaka 45 baadaye. Katikati ya hapo, Rosana Paulino, msanii Mweusi wa São Paulo, alikuwa amechapa picha za wanawake wa ukoo wake kwenye vitambaa vilivyokazwa katika fremu za kutarizia, akawashona vinywa na macho kwa uzi mweusi, ili tuone walivyonyamazishwa. Ningependa siku moja kuziona kazi za wanawake hawa wawili zikitundikwa ukuta mmoja, bila kibandiko cha «ufundi wa mikono» chini ya zile za Madalena.